Kiota Juu ya Chumba cha Luzdary

"Samahani, dada. Humu ndani hamna watoto wa kindi?"

Yamile Ocampo alikuwa ameshika brashi ya rangi mkono mmoja, na mkono wa pili ameukandamiza utosi wa Bi Fabiola. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu alfajiri. Mlango wa saluni aliuacha wazi apate mwanga wa barabarani, na sasa mwanga huo ulikuwa umezibwa na mwanamume mmoja mrefu, kofia ngumu ya njano kaibana kwapani, mkanda wa vifaa unamning'inia kiunoni. Alikuwa anahema kidogo, kama mtu aliyeipanda miteremko ya mji wa Salamina kwa haraka.

Miaka yote ya kupaka rangi vichwa vya watu, Yamile alikuwa ameulizwa mengi mlangoni pale. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Nani amekuambia?" akasema.

Uso wa mwanamume ukachangamka. "Kwa hiyo wapo!"

"Sijasema wapo. Nimeuliza nani amekuambia."

"Mama yao."

Bi Fabiola alijigeuza kitini, rangi ikamchuruzika sikioni. "Bikira Maria wa Karmeli! Huyu kapigwa shoti."

"Hapana, mama. Aliyepigwa shoti ni yeye." Mwanamume akaishusha sauti kama mtu anayeleta habari za msiba. "Kindi jike. Alikanyaga transfoma pale kona, ndiyo maana hamna umeme. Nimemshusha mwenyewe. Matiti yamejaa maziwa, na manyoya yamelala pale watoto wanaponyonya. Ina maana kiota hakiko mbali. Nimepiga hodi kila nyumba tangu kule kanisani. Wengine wamenicheka. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya buluu amenifungulia mbwa."

Yamile alishindwa kuzuia tabasamu. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mama yake alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa na swali mdomoni badala ya kilio. Na mwanamume huyu alimjaza maswali. Fundi gani wa umeme huiacha nguzo, mtaa mzima ukimngoja, akaenda kutafuta yatima wa mnyama? Na ile nyusi ya kushoto, iliyokatika katikati kana kwamba mtu kaipitishia wembe, aliwahi kuiona wapi?

"Bi Fabiola, nisubiri kidogo."

"Nipe kwanza kitambaa cha sikio," akajibu mama yule. "Na mlango wa nyuma usiufunge. Nataka kusikia."

Watoto walikuwa jikoni, ndani ya boksi la viatu, karibu na jiko. Yamile aliwaokota jana jioni baada ya mvua, kwenye sakafu ya uani chini ya upenu. Walikuwa wawili, manyoya membamba kama vumbi la kahawa, macho bado yamefumba, mikia kama kamba za viatu. Bi Rubiela, mama yake Yamile, aliwapa maziwa ya ng'ombe ya moto yaliyokolezwa sukari guru, kama alivyowalea wanawe mwenyewe. Waliyanywa kwa pupa. Kulipokucha, matumbo yalikuwa yamewavimba kama ngoma, wanaharisha majimaji ya njano, na mmoja amepoa kama jiwe la mtoni.

Mwanamume alipiga magoti. "Wamekula nini?"

"Maziwa ya ng'ombe," Yamile akasema, akangoja kulaumiwa.

Hakulaumiwa. Mwanamume alitoa simu. "Kuna daktari wa wanyama mjini Manizales, Nohemí. Nyaya zinatuletea kila kitu sisi mafundi: kima, ndege, nyoka. Namsumbua kila mara."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanamke anayetafuna kitu. "Safari hii nini tena, Norvey?"

*Norvey*. Yamile alilipokea jina hilo, akaliweka.

"Watoto wa kindi, daktari. Macho bado. Wamepewa maziwa ya ng'ombe, na mmoja ni baridi."

"Yafungieni kabatini hayo maziwa. Kwanza joto. Mtoto baridi haingizwi kitu mdomoni, hata maji, maana tumbo lililopoa halisagi. Vua shati, muweke kifuani."

"Nivue shati?"

"Wewe una ngozi, yeye ana baridi. Aibu ya nini?"

"Kasema avue nini?" ikasikika sauti ya Bi Fabiola kutoka saluni.

Yamile aligeukia ukuta, akicheka kimyakimya. Alipogeuka tena, Norvey alikuwa amekaa kwenye kigoda na kitoto kile amekifunika kwa viganja juu ya kifua chake. Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya. Yamile alimtazama zaidi ya inavyostahili kumtazama mgeni, kisha akashika kazi.

Daktari aliwaongoza hatua kwa hatua. Ile dawa ya unga ya watoto wanaoharisha ikorogwe kwenye maji yaliyochemshwa. Wapewe tone kwa tone, kwa bomba lisilo na sindano, kifudifudi, kamwe wasilazwe chali, maana maji yataingia mapafuni. Wapanguswe nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka wakojoe.

"Mama yao huwalamba," daktari akasema. "Nyinyi tumieni pamba."

"Pamba ninayo tele, mimi ni msusi," Yamile akadakia.

"Na wewe ni nani?"

"Yamile."

"Mikono yako imetulia, Yamile?"

"Huwa napaka kucha za maharusi saa moja kabla ya misa."

"Basi wewe ndiye utakayelisha. Norvey ana mikono ya koleo. Haya, Norvey, mama yao ulimtazama vizuri? Matiti mangapi yananyonywa?"

Norvey alifumba macho akikumbuka. "Manne, daktari."

"Na watoto ni wawili. Katafuteni wengine."

Simu ikakatika. Sufuria ya maji ilikuwa ikichemka jikoni. Kitoto kilipopata joto, Yamile alichota maji ya dawa kwa bomba, akainama juu ya viganja vya Norvey. Tone la kwanza lilikaa mdomoni mwa kitoto likimeremeta. La pili likapotea. Kisha ulimi mwembamba kama uzi wa pinki ukatoka, ukalitafuta la tatu.

"Amelamba!" Yamile akanong'ona.

"Nimemsikia," Norvey akasema. "Moyo wake unanipiga hapa kama saa."

Waliinua macho kwa pamoja. Nyuso zao zilikuwa karibu mno, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kurudi nyuma.

"Na huyu aliye kifua wazi jikoni kwangu ni nani?"

Bi Rubiela alikuwa amerudi kutoka sokoni. Alisimama mlangoni na kikapu cha mboga, mdogo wa umbo, mgumu wa macho, shali nyeusi imemfunika mabega.

"Fundi wa umeme, mama," Yamile akasema.

"Umeme uko nguzoni. Sijawahi kuuona jikoni." Alisogea, akaitazama ile nyusi, na kikapu kikateremka polepole mpaka sakafuni. "Wewe ni wa nani, kijana?"

Norvey alisimama, kitoto bado kifuani. "Giraldo, mama. Norvey Giraldo."

Hapo Yamile akakumbuka ile nyusi aliiona wapi. Aliiona kanisani, miaka minane iliyopita, siku ya harusi ya dada yake Luzdary. Kulikuwa na maua kila benchi, keki ya ghorofa, bendi imekwishapasha vyombo moto. Bwana harusi, Hugo Ferney Giraldo, alipanda basi la alfajiri bila kumuaga mtu. Habari zake zilipokuja kusikika, zilitoka Uhispania. Luzdary alivua shela, akalifungia sandukuni, akaliweka darini juu ya chumba chake, na tangu siku hiyo nyumba ya akina Ocampo haikumruhusu Giraldo yeyote kuvuka kizingiti. Mdogo wake bwana harusi, kijana mwenye nyusi iliyokatika, alihamia Manizales, watu wakamsahau, mpaka kazi ya nyaya ilipomrudisha.

"Toka," Bi Rubiela akasema.

"Mama, mtoto anakufa..."

"Yamile, nyamaza. Mlijua, ukoo mzima. Mlikula chakula changu cha posa mkijua."

"Mimi nilijua saa ile ile uliyojua wewe, mama," Norvey akasema. Hakupandisha sauti. "Nilisimama madhabahuni na suti ya kuazima, pete ziko mfukoni mwangu. Mpaka leo hajaniandikia hata mimi."

"Pole. Nenda ukasimame kwingine."

Norvey alianza kukitoa kitoto kifuani amkabidhi Yamile. Na papo hapo, kitu kikalia juu yao. Kilikuwa kilio chembamba, kikavu, kama gurudumu la toroli lililokosa mafuta. Kikanyamaza. Kikalia tena.

"Panya," Bi Rubiela akasema.

"Panya halii hivyo, mama," akasema mtu mwingine. Luzdary alikuwa amesimama kwenye ukumbi, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, nywele kazifunga nyuma, cherehani yake ikiwa kimya chumbani. "Kinalia juu ya kitanda changu tangu jana. Nilidhani ni masikio yangu." Alimtazama Norvey kwa muda, akiisoma sura ile anayoifahamu kwa mtu mwingine. "Umekua. Una ngazi?"

"Ninayo, dada."

"Luzdary!" mama yake akaita.

"Mama, hatukuwahi kuacha mtoto alie kwenye nyumba hii."

Bi Rubiela alikaza shali. "Basi apande kwa nje. Kwa ndani, hapana."

Hivyo Norvey Giraldo akarudi nyumbani kwa akina Ocampo kwa njia ya paa, mtaa mzima ukitazama. Watu walikuwa hawana umeme, kwa hiyo hawakuwa na kazi nyingine. Bi Fabiola alitoka na kichwa chake cha rangi nusu, akachukua nafasi nzuri ya kusimama. Yamile alipanda ngazi mpaka katikati ili apokee kitakachoshushwa, na akakuta kwamba kutoka pale aliweza kuona mikono ya Norvey ikiinua vigae kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayefunua blanketi la aliyelala.

"Unaona nini?" akauliza.

"Kiota. Subiri."

"Wapo?"

"Subiri, Yamile."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. Kisha akamwona akichukua kitu kidogo, akakitazama, akakiweka ndani ya kofia yake ya njano na kuigeuza kofia upande mwingine.

"Usinifiche," Yamile akasema.

"Huyu hakungoja." Akaingiza tena mkono chini ya vigae. "Lakini mwenzake anang'ata."

Alishusha kiota kizima, na mikono yao ikakutana chini yake. Kilikuwa cha majani makavu na nyuzi za migomba, na ndani, palipokuwa laini kuliko kote, kulikuwa na vipande vyeupe vya wavu mwembamba, vimesokotwa na kushindiliwa, vikiwa bado na shanga moja moja za lulu bandia. Katikati yake, mtoto wa tatu wa kindi alikuwa anapiga kelele kwa hasira.

Yamile alishuka nacho. Luzdary alikitazama. Akanyoosha kidole, akagusa shanga.

"Shela langu," akasema.

 Bi Rubiela aliweka mkono mdomoni. Norvey, juu ya ngazi, alibaki na mguu hewani.

"Miaka minane nalitilia dawa ya nondo," Luzdary akasema. Sauti ilimtetemeka, na Yamile akajiandaa kumkumbatia. Kumbe dada yake alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, machozi yanamtiririka, mkono tumboni. "Kapenya sandukuni, kalichana lote! Tazameni alivyolipanga. Mimi sikulala nalo hata usiku mmoja, yeye kazaa ndani yake!"

Bi Rubiela hakucheka. Aliingia ndani, na mlango wa jikoni ukasikika ukifungwa.

*

Umeme ulirudi mchana ule. Norvey naye alirudi, kesho yake.

Alileta kopo la maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, kama daktari alivyoagiza. Bi Rubiela alimkuta kwenye saluni, akatoa hukumu yake mbele ya wateja: saluni ni biashara, na mlango wa biashara haumfungii mtu. Lakini mwisho wake kiti cha wateja. Akivuka hapo, atamtambua yeye ni nani.

"Na anayeketi kwenye kiti hicho, ananyolewa," akamalizia. "Hapa si bustani ya mji."

Norvey akaketi, akanyolewa. Siku iliyofuata akaja tena, akapunguzwa pembeni. Halafu akaja kurekebishwa shingo. Watoto walikuwa kwenye boksi chini ya kioo, juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na kila Yamile alipowalisha, Norvey aliwatazama kupitia kioo, kisha akamtazama yeye. Yamile aligundua kwamba kioo ni kitu cha hatari. Mtu usiyethubutu kumwangalia usoni, kwenye kioo unaweza kumwangalia mpaka ukasahau mkasi.

"Nywele zimekwisha, Norvey," akamwambia siku moja.

"Kuna ndevu."

"Ndevu nilizinyoa juzi."

"Basi ngoja ziote. Mimi sina haraka."

Bi Fabiola, aliyeanza kuja kila siku bila kichwa chake kuhitaji chochote, alikohoa nyuma ya gazeti.

Yamile alimfunga Norvey shuka shingoni, akainama karibu na sikio lake. "Nina swali. Limenikaba tangu siku ile."

"Uliza."

"Kwa nini ulipiga hodi nyumba zote zile? Ukweli."

 Kwenye kioo, macho ya Norvey yaliteremka hadi kwenye boksi.

"Siku ile kanisani," akasema, "dada yako aligeuka kila mlango ulipolia. Kila mara. Mtu anaingia, yeye anageuka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, naona. Nilipomshusha yule kindi, nikafikiri, mahali fulani kuna watoto wanageuza vichwa kila tawi likitikisika, na mimi peke yangu duniani ndiye ninayejua kwamba hayupo wa kuja." Akainua macho kwenye kioo. "Ningeurudishaje umeme, niende zangu?"

Mkasi ulibaki hewani.  Yamile aliweka mkono wake begani mwa Norvey, juu ya shuka lenye nywele zilizokatwa, akauacha hapo. Naye Norvey akauinamishia shavu, polepole, mpaka likaugusa.

"Kesho sina haja ya kunyolewa," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho nitakuja kukuona tu. Nikifukuzwa, nitafukuzwa."

Lakini kesho yake haikuwa ya mapenzi. Ilikuwa Jumapili, na asubuhi Yamile alimkuta yule mtoto wa kiotani, mkali kuliko wote, amelala ubavu. Kila alipovuta pumzi, ndani yake kulikuwa na mlio kama wa karatasi inayokunjwa. Tone la maziwa lilikuwa limetoka puani.

Daktari Nohemí aliusikiliza mlio huo kwa simu. Safari hii hakuwa anatafuna. "Maziwa yameingia mapafuni. Anahitaji sindano, na hewa ya mashine. Nileteeni, wote watatu. Hata hivyo walikuwa waje kwangu, wakue na wenzao, warudi msituni. Lakini huyu ni leo."

Norvey alikuwa mlangoni na gari kabla Yamile hajafunga boksi. Bi Rubiela alisimama katikati ya njia, amevaa tayari kwa misa.

"Apeleke yeye. Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Anaendesha, mama. Nani atamshika mtoto?"

"Mji mzima utakuona ndani ya gari la Giraldo."

"Mji mzima ulishamwona Giraldo juu ya paa letu."

"Yamile! Nilishamfuta machozi binti mmoja. Sina kitambaa cha pili." Sauti ya mama ilipasuka, na Yamile akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba kilichokuwa kikifunga milango miaka yote hakikuwa chuki. Kilikuwa woga. "Ukipanda gari hilo, usinitafute."

"Mama." Luzdary alikuwa amesimama nyuma yake, na shali yake mwenyewe mkononi. "Aliyeachwa ni mimi. Wewe uliachwa na nani?"

 Luzdary akampita mama yake kando, akamfunika Yamile shali mabegani na boksi pamoja. "Nendeni. Barabara ina ukungu."

Ukungu ulikuwepo kweli. Gari lilipanda kona baada ya kona, migomba na mibuni ikitokea na kupotea, na Yamile akamshika mtoto yule wima chini ya kidevu chake, akihesabu kila mlio wa pumzi. 

"Nina swali," Norvey akasema hatimaye.

"Hiyo ni kazi yangu."

"Leo niazime. Mama yako akikufungia mlango kweli, utanichukia?"

Yamile alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la kwenye nyimbo. "Nitaumia," akasema. "Lakini nimepanda mwenyewe. Hukunibeba."

"Mimi siyo yeye, Yamile."

"Najua. Nimekutazama wiki nzima kwenye kioo. Mtu hawezi kujificha mbele ya msusi." Akageuka, akamwangalia ana kwa ana, bila kioo. "Wewe ukiondoka, utaaga. Hilo naliona."

"Nikiondoka, nitakwenda na wewe," akasema, na mkono wake ukaacha usukani kwa muda mfupi kabisa, ukaukuta wa Yamile chini ya shali, karibu na kile kifua kidogo kilichokuwa kinahangaika.

Daktari Nohemí alikuwa mnene, mcheshi, na mwenye vidole vyepesi kuliko Yamile alivyotegemea. Alimchoma sindano mtoto yule, akamlaza kwenye kisanduku cha kioo chenye hewa ya moto. Walikaa kwenye benchi wakingoja, bega kwa bega, bila kugusa mkate walioletewa. Alasiri daktari alitoka akinyonya kidole.

"Kaning'ata," akasema. "Anapumua kwa hasira. Wenye hasira mimi huwa siwaogopei. Nendeni nyumbani."

Yamile alilia kwenye bega la Norvey pale pale barazani, mbele ya kima mmoja mwenye bandeji aliyewatazama kwa makini.

Walifika Salamina jua likielekea kuzama. Njia nzima Yamile alikuwa ameuona mlango wa nyumbani mawazoni, umefungwa, komeo ndani. Ulikuwa wazi. Bi Rubiela alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, bado amevaa nguo za misa, mikono magotini. Luzdary alikuwa nyuma yake.

"Watoto?" Luzdary akauliza.

"Wapo hai. Wote."

Luzdary alifanya ishara ya msalaba. Bi Rubiela hakumwangalia binti yake. Alimwangalia Norvey, aliyesimama barabarani kando ya gari, kofia mkononi, akiwa hajathubutu hata kukanyaga ngazi. Alimwangalia kichwa kile kilichonyolewa mpaka kikabaki kama cha kuruta, akamwangalia ile nyusi. Dirisha la Bi Fabiola, ng'ambo ya barabara, likafunguka.

"Wewe," Bi Rubiela akasema. "Unakula maharage?"

Norvey alimtazama Yamile, kisha mama. "Nakula, mama."

"Nimepika mengi. Yatachacha."

"Mama..." Yamile akaanza.

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Sijamsamehe mtu. Nimeuliza habari za maharage." Alisimama kwenye kile kiti, akakisogeza kando kwa mguu ili njia ya jikoni iwe wazi. "Futa viatu, kijana."